Kumpa Mwami Mgongo

Kwa miezi mitano niliamka kila asubuhi nikiogopa kwamba leo ndiyo siku nitakayomuua mama yangu. Hatukuwa na ugomvi. Mimi nilikuwa naendesha foklifti, ile mashine yenye meno mawili marefu ya kunyanyulia mizigo, katika ghala moja huko Columbus. Mama alikuwa anabandika stika kwenye maboksi ndani ya ghala hilohilo, hatua chache tu kutoka njia ninayopita. Na mama, pale kazini, katikati ya mashine, alikuwa anatembea kinyumenyume.

Msicheke. Mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza, na kicheko hicho kilikuja kunitokea puani.

Tulifikia Louisville, hapa Amerika, tukitokea kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Nimekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha Kitanzania, na mama hunitania kwamba naongea kama mtangazaji wa redio. Yeye alizaliwa milimani Kivu, akakimbia vita na mimi mgongoni, na lugha yake hajaibadilisha hata kidogo: ‘njo’ yake ni ‘ndio’ yetu, na ‘bon’ ya Kifaransa, yaani sawa, haimtoki mdomoni. Louisville ndiko nilikojifunzia foklifti. Darasani tulikuwa wanawake wawili tu, na nilipopewa kikadi cha leseni chenye picha yangu nilitembea nacho shingoni wiki nzima, hata nikienda kununua vitunguu. Nilijiona mtu.

Mwezi haukuisha nikaona kwa macho yangu kitu ambacho sijapata kukisahau. Mwenzetu mmoja, dereva makini kuliko mimi, alikuwa anarudi nyuma na mzigo. Mwanamume mwingine alikuwa ameinama kuokota glavu. Hakuna aliyekuwa mjinga pale, hakuna aliyesinzia. Gurudumu lilipanda juu ya mguu wa yule mwanamume likasimama hapohapo, na dereva, kwa hofu, hakujua asogee mbele au nyuma. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio, nikabaki nimeushika. Hadi leo nikiweka gia ya nyuma, naangalia juu ya mabega yote mawili, kisha naangalia tena.

Baadaye kazi nzuri ilipatikana Columbus, ya mchana, mimi na mama shifti moja na gari moja, tukahama. Mama aliipenda sana ile kazi. Alikuwa na meza yake mwenyewe, na ole wako uguse rola yake ya stika.

Jumatatu moja wakaletwa wafanyakazi wapya. Mmoja alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, aliyenizidi miaka michache, na kile kizibao cha njano kinachong'aa tunachovaa sote kilikuwa kifupi kwake. Mama alimwangalia sana. Akaweka rola chini, akamfuata, akamwuliza kwa lugha ya nyumbani yeye ni mtoto wa nani. Alipojibiwa, mama alishuka. Sina neno jingine. Magoti yalikunjika, kichwa kikainama, akapiga makofi matatu madogo, kisha akainuka nusu na kuanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, uso bado ukimwelekea yule mtu, mpaka makalio yakagonga meza. Wenzetu walidhani ameishiwa nguvu. Mmoja alimletea maji.

Yule mtu alikuwa mtoto wa mwami wa milima yetu. Mwami ni mfalme, kwa wasiojua, ingawa mama husema mfalme ni neno dogo. Baba yake alikuwa amefia ukimbizini, kwa hiyo kwa upande wa mama huyu sasa ndiye mwami mwenyewe, hata kama hakuna aliyemtawaza. Na mwami hapewi mgongo. Ukishamsalimia unaondoka huku unamtazama, mpaka uwe mbali au yeye mwenyewe ageuke.

Jioni ile garini nilishindwa kunyamaza.

“Mama, hapa ni Amerika. Yule ni mtu wa maboksi kama wewe.”

“Bon,” akasema. “Naona ile maboksi. Siko kipofu.”

“Sasa unampigia magoti ya nini?”

“Mi siko namusalimia yeye. Niko nasalimia kiti.”

“Kiti kiko wapi, mama? Umekiona kiti pale?”

Tukafika kwenye taa za barabarani za mtaa wa Clintonville. Kisha akasema, bila kunitazama, “Kule kambini uliinama mbele ya kila mutu mwenye kushika karatasi. Yule wa mahindi, ukainama. Yule wa chanjo, ukainama. Uliwauliza banatoka wapi? Huyu moja njo wa kwetu, na njo huyu unaonea haya.”

Hilo lilinikasirisha zaidi. Nilikuwa nimejiapia siku tuliyopanda ndege kwamba sitampigia mtu magoti tena. Nikapandisha sauti ya redio mpaka nyumbani.

Kwanza ilikuwa aibu. Hofu ilikuja Jumatano, nilipoelewa jinsi ghala lilivyopangwa. Sakafuni kuna mstari wa njano: watu ndani, mashine nje. Mwami alipangiwa mwisho wa njia yangu, kazi yake ikiwa kuzungushia mizigo nailoni kabla sijaibeba. Kila asubuhi mama alipata sababu ya kwenda hadi pale. Alishuka, akapiga makofi, halafu akarudi kwenye meza yake hatua kumi kinyumenyume, na kwa kuwa hana macho kisogoni, katika hatua hizo kumi alikuwa anauvuka mstari wa njano mara mbili au tatu. Mashine zikirudi nyuma hulia pi, pi, pi. Lakini hulia hivyo kutwa nzima, na anayefanya kazi pale huacha kuzisikia.

Nilijaribu nilichoweza. Nikipiga honi, mama ananuna: utampigiaje mwami honi kama mbuzi barabarani. Nikahamisha kioo changu cha pembeni ili nimwone mapema, nikamwona, lakini nikawa siwaoni wengine. Nikamwomba msimamizi anihamishie njia nyingine. Akacheka, akasema mimi ndiye mwepesi kuliko wote kwenye njia ile, akinihamisha atamweka nani. Sababu sikumwambia. Pale ghalani ukikamatwa umevuka mstari mara mbili, unafukuzwa, na nilijua mama akirudishwa nyumbani kukaa na televisheni atazeeka ndani ya mwezi. Kwa hiyo nilinyamaza, na kila siku niliyonyamaza nilijiona nimeshashiriki kumuua.

Nilianza kuung'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Chakula cha mchana hakikushuka. Kabla ya kuwasha mashine nilikuwa nasali, sala fupi ya maneno matatu, si yeye leo. Na nilimchukia yule mtu, niseme ukweli. Nilimchukia kwa ule urefu wake, kwa upole wake, kwa jinsi alivyosimama tu na nailoni mkononi akipokea makofi ya mama yangu.

Mama naye alikuwa na lake. “Unakaa juu ya kichwa ya mwami,” alinilaumu. “Unapita pale juu, hata kichwa hauinamishe.”

“Nishuke kwenye mashine kila nikimwona?”

“Ungeshuka mara moja tu.”

Sikushuka hata hiyo mara moja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kontena mbili zilikuwa zimeingia pamoja na kila mtu alikuwa anakimbia. Nilibeba mzigo mrefu, na mzigo ukiwa mrefu huwezi kuona mbele, kwa hiyo unakwenda kinyumenyume ukiangalia juu ya bega. Nikaangalia. Kulikuwa na rundo la mapaleti matupu, zile fremu za mbao za kuwekea mizigo, ambalo asubuhi halikuwapo, na nyuma ya rundo hilo sikuona kitu. Mimi nilikuwa narudi nyuma. Mama naye, upande wa pili wa rundo, alikuwa anarudi nyuma. Migongo yetu ilikuwa inakaribiana na hakuna kati yetu aliyejua.

“Simama!”

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kali, sijawahi kuisikia. Mguu wangu ulikanyaga breki kabla akili haijafika. Mzigo uliyumba, ukarudi, ukatulia. Nikageuka. Kizibao cha njano cha mama kilikuwa kimeegemea chuma cha nyuma ya mashine yangu, kama mtu aliyeegemea ukuta anasubiri basi. Mama alikuwa amesimama wima, viganja bado vimekutana, macho bado yako kwa mwami. Mwami alikuwa amenyoosha mkono mmoja hewani na midomo yake imekuwa ya majivu.

Sikuweza kushuka. Mkojo ulinitoka kidogo, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama ndiye aliyegeuka kwanza. Aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, na nilidhani sasa atalia, nami nitalia, mambo yataisha. Uso wake ulikuwa wa hasira.

“Umefanya mwami apige kelele,” akasema.

Kwa mila yetu mwami hapandishi sauti. Akipandisha, ni vita au ni msiba. Mama yangu alikuwa amepona kwa unene wa kizibao tu, na jambo lililomuumiza lilikuwa hilo.

Mchana nilikwenda kumtafuta yule mtu kwenye maegesho. Alikuwa peke yake ndani ya gari lake kuukuu, anakula mkate. Aliponiona akauficha haraka chini ya kiti na kujifuta mdomo. Mwami haonwi akila, hilo hata mimi nalijua. Kumbe naye bado anashika mila, nikasema moyoni. Kumbe kila siku anakuja kula huku kwenye baridi.

Alishusha kioo. Nilikuwa nimepanga kumwita kaka, nimweleze kama mtu na mtu mwenzake. “Mzee,” nikasikia nasema, “mwambie mama yangu aache.”

“Nimemwambia mara tatu. Nilimwambia, mama, ile mambo ilikwisha, mi niko mufanyakazi tu. Donc, basi, akaniuliza, nani alikupa ruhusa ya kuimaliza?”

“Basi mwamrishe. Si wewe ni mwami?”

“Nikimwamuru kama mwami, nakuwa mwami kweli. Kesho atapiga magoti zaidi.” Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. Kisha akaushika usukani wa gari lisilowashwa kwa mikono miwili, vilevile kama mimi ghalani. “Na mi naogopa, dada. Kila asubuhi naomba asikuye kunisalimia. Akifa pale, anakufa juu yangu.”

Nilikuwa na maneno mengi makali niliyoyaandaa. Nilisimama pale kwenye baridi kama mjinga, nikamwambia asante kwa kupiga kelele, nikaondoka. Nikiwa katikati ya maegesho nilikumbuka kwamba nimempa mgongo, na shingo ikanisisimka.

Ijumaa hakuja kazini. Jumatatu hakuja. Mama alisimama mwisho wa ile njia na rola ya stika mkononi, akarudi. Wanawake wa kanisani ndio waliomwambia: ameenda Buffalo, ana ndugu huko, amepata kazi kwenye kiwanda kimoja cha Tonawanda, jirani na huko. Hakuaga. Mimi nilijua kwa nini. Kumuaga mama kungekuwa kumpigisha magoti kwa mara nyingine kando ya mstari wa njano.

Wiki ile nilikula chakula changu chote mpaka nikalamba vidole. Usukani niliushika kwa mkono mmoja. Niliendesha huku naimba, wenzangu wakaniuliza nimeposwa na nani.

Mama alikuwa ananijibu ndiyo na hapana tu. Alitembea sasa kama watu wote, uso mbele, hatua fupi, ndani ya mstari. Hakuvuka tena hata siku moja. Lakini alikuwa anachelewa kuamka, rola yake ya stika aliiacha ovyo mtu yeyote aichukue, na kizibao kilimpwaya mabegani. Nilikuwa nimeomba awe salama, na salama alikuwa.

“Ulimufukuza,” aliniambia siku moja akikunja nguo.

“Aliondoka mwenyewe, mama.”

“Mwami hatokake yeye peke yake. Njo banamufukuza.”

Februari, theluji ikiwa bado imejaa, mama akavaa koti lake la kanisani Jumamosi asubuhi, akakaa kwenye kochi na mkoba magotini. “Nipeleke Buffalo,” akasema. “Sikumuaga.”

Tuliendesha karibu saa sita, upande mmoja ziwa lililoganda, upande mwingine malori. Upepo ulikuwa unalisukuma gari na mimi nimeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Mama hakuogopa chochote. Mimi niliogopa barabara, niliogopa theluji, na zaidi niliogopa kufika.

Na nilipofika nikaona nilikuwa na haki ya kuogopa. Mwami alikuwa anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, na ngazi zilikuwa za nje, nyembamba, zimeota barafu kila kidato. Kupanda tulipanda vizuri, mama mbele, mimi nyuma nimeinua mikono tayari kumdaka. Lakini katikati ya ngazi kichwa changu kilikuwa kimeshafika kwenye kushuka. Nilijua atashukaje.

Mwami alifungua mlango akiwa na soksi tu miguuni. Alipomwona mama, uso wake ulifurahi na kuogopa kwa pamoja. Mama alishuka palepale kizingitini, magoti kwenye theluji, makofi matatu. Alikataa kuingia, alikataa kiti, alikataa chai. Aliongea naye kwa lugha ya nyumbani, polepole, na nikasikia ananiombea msamaha, mimi nimesimama pale mtu mzima, kwamba nilikaa juu ya kichwa chake.

“Alikuwa anafanya kazi, mama,” mwami akasema. “Hakukosea.”

“Sijui kama hakukosea,” mama akajibu. “Mi namuombea tu.”

Kisha akainuka nusu na kuanza kurudi nyuma.

Mwami akanitazama, nami nikamtazama, na sote wawili tulikuwa tunaona kitu kimoja: bibi wa miaka sabini kasoro, viatu vya kanisani, barafu, vidato kumi na kitu. Akafanya kile nilichokuwa naomba afanye. Alianza kuufunga mlango, ili mama asiwe na wa kumtazama, ageuke ashuke kama watu. Mama alisimama. Mguu mmoja ulikuwa bado hewani. Aliutazama ule mlango ukifungwa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetukanwa na mwanawe mbele ya wageni. Mwami hakuweza. Akaufungua tena.

Basi nilifanya nililoweza. Nilitangulia kushuka, nikampa mwami mgongo, nikamwambia mama aegemee. Akauweka mgongo wake juu ya wangu. Alikuwa mwepesi, sikutegemea angekuwa mwepesi vile. Nikashika nguzo za pande zote mbili na tukaanza kushuka, yeye akitazama juu, mimi nikitazama chini.

“Kidato, mama. Hiki kina barafu. Weka kisigino kwanza. Kingine.”

Niliyahisi macho ya mwami kwenye kisogo changu muda wote. Niliogopa nitateleza, niliogopa atateleza, niliogopa pia, na hili sikulitegemea, kwamba ninamkosea yule mtu pale juu. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuogopa hivyo. Sikugeuka, kwa sababu kama ningegeuka sote wawili tusingeona tunakokanyaga.

Chini nilimrudisha hivyohivyo hadi kwenye gari, nikafungua mlango, naye akaingia kitako kwanza, kama anavyoingia kila mtu. Akavuta miguu ndani. Pale juu mwami alikuwa bado amesimama na soksi zake kwenye theluji. Hakuingia ndani mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

“Umemupa mugongo,” mama akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Aliona?”

“Aliona.”

Akavuta mkanda, akahangaika nao, nikamsaidia kuufunga.

“Bon,” akasema. “Endesha pole pole.”

Ile njia ya kutokea ilikuwa nyembamba, haina pa kugeuzia. Niliweka gia ya nyuma. Nikaangalia juu ya bega la kulia, halafu la kushoto, halafu tena la kulia. Nyuma hapakuwa na mtu. Mama alikuwa hapa pembeni yangu, mikono juu ya mkoba, anatazama mbele.